Barabara Iliyobomolewa San Francisco, na Deni la Mtaa wa Wachina

Iko hadithi moja inayosimuliwa sana na watu wapendao kuandika habari za miji, nasi twataka kubishana nayo. Wasema hivi: Katika mji wa San Francisco, ulio pwani ya magharibi ya Marekani katika jimbo la California, palikuwa na barabara mbaya ya juu, iliyojengwa kwa zege na chuma, nayo iliziba bahari isionekane. Mwaka 1989 likatokea tetemeko la nchi, barabara ikapasuka. Ndipo wenye mji walipopata hekima, wakaibomoa, na tangu siku hiyo kila mtu anafurahi. Hadithi yakoma hapo, na msimulizi huwageukia watu wa miji mingine na kuwaambia, Nendeni nanyi mkafanye vivyo hivyo.

Sisi hatusemi kwamba barabara ile haikustahili kubomolewa. Ilistahili, na sababu zake tutazitaja. Walakini neno lile "kila mtu" si kweli. Wamo watu waliofutwa katika hesabu, tena ni watu ambao mji ule ulikwisha kuwafuta zamani, si mara moja. Husemwa kwamba aisifuye mvua imemnyea. Lakini hawa waisifu mvua iliyowanyea wengine.

Imetupasa kueleza kwanza barabara ilitoka wapi. Mji wa San Francisco umekaa penye ncha ya rasi. Magharibi yake ni bahari kuu, mashariki na kaskazini ni ghuba. Zamani, mtu aliyetaka kuingia mjini kutoka ng'ambo ya ghuba hakuwa na budi kupanda meli ya kuvusha watu, na meli hizo zilitia nanga mbele ya jengo moja kubwa liitwalo Ferry Building. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1898, nalo lina mnara wa saa wenye urefu wa futi 245. Mwaka 1906 mji ulipopigwa na tetemeko la nchi na kuteketea kwa moto, mnara ule ulisalia umesimama. Watu maelfu kwa maelfu walipita milangoni mwake kila siku.

Kisha yakaja madaraja mawili. La kwanza, Bay Bridge, lilifunguliwa mwaka 1936, nalo lauunganisha mji na Oakland, upande wa mashariki wa ghuba. La pili, Golden Gate Bridge, lilifunguliwa mwaka 1937, upande wa kaskazini. Watu wakaziacha meli, wakapanda motokaa, hata mwaka 1958 meli za zamani zikakoma. Mainjinia wa jimbo wakawaza jambo lililoonekana kuwa jepesi: madaraja ni mawili, basi na yaunganishwe kwa barabara moja kuu, wala motokaa zisipite katika mitaa. Njia waliyoichagua ilifuata ukingo wa maji, mahali paitwapo Embarcadero, mbele ya magati ya bandari. Hapo ardhi ni tambarare, wala hapana nyumba nyingi za kuvunja. Kwa akili za mpima barabara, mahali pasipo nyumba ni mahali pasipo mtu wa kulalamika. Barabara ikapewa hesabu 480.

Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1959. Kilikuwa cha orofa mbili, motokaa za kwenda huku zikipita juu na za kwenda kule zikipita chini, juu ya nguzo nene za zege. Kikapita mbele kabisa ya jengo la vivuko. Mtu aliyesimama katika njia kuu ya mji, Market Street, ambaye baba yake aliuona mnara ule mzima tangu chini hata juu, sasa aliona kichwa chake tu kikichungulia juu ya zege, na chini palikuwa na kivuli mchana kutwa.

Jambo la ajabu ni kwamba katika Januari mwaka huohuo wa 1959, hata kabla motokaa hazijaanza kupita, Baraza la mji lilikwisha kuondoa kibali chake kwa barabara kuu saba katika kumi zilizokusudiwa kujengwa mjini. Watu walikuwa wameona gazetini ramani ya barabara zile mwaka 1956, wakaona nyumba zao zimo njiani, wakaja juu. Basi barabara 480 ikakomea katika mtaa wa Broadway, haijafika hata maili mbili, mwisho wake ukining'inia hewani kama mkono uliokatwa penye kiwiko. Kule karibu na Golden Gate kilikuwako kipande kingine cha hesabu ileile, lakini kati ya vipande hivyo viwili hapakujengwa kitu. Mwaka 1965 barabara ikaondolewa katika daftari la barabara kuu za nchi nzima, ikabaki kuwa barabara ya jimbo tu. Mwaka 1966 Baraza likapiga kura tena juu ya kuikamilisha njia ya Golden Gate. Sita wakakataa, watano wakakubali. Hivyo barabara iliyojengwa ili iunganishe madaraja mawili haikuyaunganisha hata siku moja.

Hapo ndipo wasimulizi wetu huishia, na kusema, Basi haikuwa na faida kwa mtu. Hapa twawaambia, Hasha. Barabara yaweza kukosa kazi iliyotumwa, ikapata kazi nyingine isiyotumwa. Njia yake ya kushukia katika Broadway ilikuwa karibu kabisa na Mtaa wa Wachina.

Huo ndio mtaa wa Wachina ulio wa kale kuliko yote ya Amerika ya Kaskazini. Katika miaka iliyofuata vita vikuu vya pili, Wachina wengi waliopata nafasi walihama, wakaenda kukaa mitaa mingine na miji ya ng'ambo ya ghuba. Lakini maduka yao, na mikahawa yao, na wazee wao, vilibaki kulekule. Siku za mapumziko mtu aliwapakia watoto wake katika motokaa, akavuka daraja, akapita barabara ile ya juu, akashuka Broadway. Akaja kununua mboga na samaki na bata, akamwamkia mama yake, akala chakula, kisha akarudi. Kwa mwenye duka ile barabara haikuwa sura mbaya iliyoziba bahari. Ilikuwa mlango wa duka lake. Motokaa zaidi ya 60,000 zilipita humo kila siku, na ijapokuwa nyingi zilikuwa zapita tu, zilikuwamo zilizoleta chakula cha watu.

Tena watu hawa wana sababu ya kutoamini ahadi za wenye mji. Mwaka 1882 Marekani iliweka sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, nayo haikufutwa hata mwaka 1943. Moto wa mwaka 1906 ulipouteketeza mtaa wao, wakubwa wa mji walifanya shauri la kuwahamisha kabisa, wawapeleke Hunters Point, pembeni mwa mji, kwa kuwa ardhi yao ilikuwa katikati na ya thamani kubwa. Wachina walikataa, wakajenga tena palepale juu ya majivu. Yapata miaka themanini baadaye wakaja watu wengine na ramani nyingine, wakasema, Twataka kuupendezesha mji, nasi tutaiondoa njia iwaleteayo wateja. Je, mwenye duka angejibu nini?

Mwaka 1985 Baraza lilikubali barabara ibomolewe. Mwaka 1986 watu wa mji waliulizwa kwa kura, nao wakakataa. Twaomba msomaji akumbuke kura hii, maana wasimulizi wa hadithi huipita mbio kama mtu apitaye makaburini usiku. Wenye mji hawakupata hekima. Waliulizwa waziwazi, wakasema, Iacheni.

Kisha tarehe 17 Oktoba 1989, saa kumi na moja na dakika nne za jioni, nchi ikatetemeka. Watu 63 walikufa katika nchi ile yote. Katika hao, 42 walikufa mahali pamoja huko Oakland, ambako barabara nyingine ya orofa mbili, Cypress Viaduct, iliangukiwa na orofa yake ya juu, ikawaponda waliokuwamo katika motokaa zao. Barabara ya Embarcadero ilikuwa ndugu yake kwa namna ilivyojengwa. Haikuanguka, bali nguzo zake zilipasuka vibaya, ikafungwa. Mtu yeyote aliyekwisha kuona picha za Cypress hawezi kutuambia kwamba ile ya San Francisco ilifaa kutengenezwa na kuachwa juu ya vichwa vya watu.

Hiyo ndiyo sababu yetu ya kwanza ya kusema ilistahili kubomolewa. Sababu ya pili ni kwamba ukingo wa bahari ni mali ya mji mzima, si mali ya dereva peke yake. Meya wa wakati ule, Art Agnos, aliona hivyo, akashika shauri la kuibomoa, naye akapingwa sana. Katika Mtaa wa Wachina msemaji mkali kuliko wote alikuwa mama mmoja, Rose Pak, aliyekuwa zamani mwandishi wa gazeti. Baraza lilipopiga kura, shauri la kubomoa lilishinda kwa kura moja tu. Mwezi wa Februari mwaka 1991 mashine zikaanza kuvunja, na mwaka huohuo hesabu 480 ikafutwa katika sheria za jimbo. Mwaka huohuo tena Agnos akaanguka katika uchaguzi, akashindwa na Frank Jordan. Na wengi huihesabu hasira ya Mtaa wa Wachina kuwa sababu moja. Hatumcheki Agnos. Alitenda alilolijua kuwa jema, na kiti chake kikapotea. Wako wakubwa wachache wawezao hivyo.

Lakini sasa twafika penye shina la ubishi wetu. Watetezi wa hadithi hutuambia, Tazama, watu walitabiri kwamba motokaa zitasongamana hata mji usipitike, wala haikuwa hivyo. Motokaa zilipata njia nyingine, na watu wengine wakapanda treni. Neno hili ni kweli, nasi twalikubali. Hata hivyo halithibitishi walitakalo. Msongamano huhesabu motokaa zilizokuja. Nani amehesabu zile zisizokuja? Yule baba wa ng'ambo ya ghuba, akiona safari imekuwa ya kuzunguka na kutafuta njia katika mitaa myembamba, hununua mboga zake kwingine, karibu na nyumbani kwake. Asipokuja, hasongamani na mtu. Mpima barabara humwona kuwa faida, kwa sababu njia imekuwa nyepesi. Mwenye duka humwona kuwa hasara, kwa sababu kapu halikujaa. Mtu mmoja huyohuyo ameandikwa katika vitabu viwili, na wasimulizi wamesoma kitabu kimoja tu. Tangu barabara ilipofungwa, wenye maduka walilia kwamba biashara imeanguka, nao waliambiwa wangoje.

Wako na wapinzani wa upande mwingine, wasemao kwamba kwa sababu hiyo barabara ingalijengwa upya. Hao hatuwezi kuwafuata. Deni la mtu halilipwi kwa kumrudishia hatari. Mwenye duka hakuwa na haja ya zege. Haja yake ilikuwa wateja kufika. Kama wangefika kwa treni, au kwa tramu, au kwa basi lenye njia yake peke yake, asingaliomba zege. Shauri lilikuwa moja tu, nalo ni jepesi kulitaja: mwenye kuondoa mlango wa jirani yake na amtobolee mlango mwingine kwanza, ndipo aubomoe ule wa zamani. Na ikiwa mlango umekwisha kuvunjwa na tetemeko, basi afanye haraka.

Nao wasituambie kwamba haiwezekani. Huko Oakland, Cypress Viaduct ilikuwa imeukata vipande viwili mtaa wa West Oakland, ambao wengi wa wakazi wake walikuwa Wamarekani weusi. Baada ya tetemeko wakazi walisimama, wakasema isijengwe tena juu ya mitaa yao. Wakasikilizwa. Barabara mpya ikapitishwa pembeni, penye viwanja vya reli, ikafunguliwa mwaka 1997. Mahali pa ile ya zamani pakafanywa njia pana yenye miti, ikaitwa Mandela Parkway, kwa jina la Nelson Mandela. Basi kwa ajili ya motokaa za njia kuu ile miaka minane ilitosha kuondoa na kuweka badala. Kwa ajili ya wenye maduka wa Mtaa wa Wachina, miaka minane ilikuwa ya maneno tu.

Fedha zilikuwako, wala tusidanganyane. Embarcadero palijengwa barabara nzuri ya chini, yenye mitende katikati na mahali papana pa watu kutembea. Mwaka 2000 tramu za zamani zikaanza kupita huko mpaka Fisherman's Wharf, na mwaka 2003 jengo la vivuko likafunguliwa tena, limetengenezwa vizuri, na ndani yake wauzaji wa vyakula vya thamani. Meli za kuvusha watu zimerudi. Twakiri kwamba ni pahali pazuri, na mtu akisimama leo katika Market Street auona mnara mzima. Lakini ardhi iliyokuwa kivulini mwa zege ilipanda thamani, na mwenye ardhi ile hakuulizwa, Wewe uliyepata, umempa nini yule aliyepoteza? Mitende ilipandwa mapema. Kukumbukwa kwa mwenye duka kulichelewa.

Badala iliyotafutwa ilikuwa reli ya chini ya ardhi, Central Subway, ifike mpaka mtaa wa Stockton katikati ya Wachina. Rose Pak aliipigania kwa miaka mingi, akiwakumbusha wakubwa kwamba hiyo si zawadi bali ni malipo. Urefu wake hauzidi maili mbili, karibu sawa na ule wa barabara iliyobomolewa. Kazi ilianza kweli yapata mwaka 2010. Mitaa ikachimbwa, maduka yakazungukwa na mbao na vumbi, na waliokwisha kupoteza wateja wa motokaa wakaanza kupoteza na wale wa miguu. Ilitarajiwa kwisha mwaka 2018, haikwisha. Gharama ikapanda hata ikakaribia dola milioni elfu mbili. Rose Pak alikufa mwaka 2016, hakuipanda. Mwaka 2019, baada ya ugomvi mkubwa, maana alikuwa na adui wengi hata kati ya Wachina wenyewe, iliamriwa kwamba kituo cha mtaa ule kiitwe kwa jina lake.

Tena jambo hili si la San Francisco peke yake. Huko Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini, barabara ya juu iliyoufunika mto Cheonggyecheon ilibomolewa kuanzia mwaka 2003, na mwaka 2005 maji yakaonekana tena. Nayo husimuliwa kwa furaha ileile. Na huko pia wafanyabiashara wadogo wa kandokando walilalamika, na huko pia msimulizi huwapita mbio. Barabara za namna hii zilizojengwa katika miaka ya 1950 na 1960 sasa zimezeeka, na miji mingi ya Marekani inafanya mashauri juu yake: tutengeneze, au tubomoe? Wataalamu huwaonyesha picha mbili za San Francisco, moja ya zege, moja ya mitende. Twadai iongezwe picha ya tatu, ya mtaa wa Stockton, na tarehe ziandikwe chini yake. Anayetaka kubomoa aulizwe kwanza ni nani wanaoshukia hapo, na watashukia wapi kesho. Wala asijibu kwa hesabu ya msongamano.

Ama tarehe zenyewe ni hizi. Motokaa zilipita katika barabara 480 tangu mwaka 1959 mpaka jioni ile ya Oktoba 1989, ndiyo miaka 30. Treni ya kwanza ya abiria ilifika katika kituo cha Mtaa wa Wachina mwezi wa Novemba mwaka 2022, tena siku za mwisho wa juma tu, mpaka Januari mwaka 2023 ilipoanza kufika kila siku. Hiyo ni miaka 33. Wenye maduka waliingoja badala ya barabara ile muda mrefu kuliko muda walioitumia barabara yenyewe.